Mashine Ibadilishapo Maneno Isiyoyaelewa

 Makala inaangazia kazi ambayo kompyuta huifanya kwa kasi ya kushangaza, na ambayo huonekana kuwa nyepesi kuliko zote: kulitafuta neno katika ukurasa wa mtandao na kuliweka jingine mahali pake.

Mnamo mwaka 2002, watumiaji wa mtandao wanaosoma Kiingereza walianza kustaajabia neno moja geni. Neno lenyewe ni "medireview". Halikuwamo katika kamusi, wala hapakuwa na mwalimu aliyewahi kulifundisha. Hata hivyo lilikuwa limezagaa katika kurasa nyingi, tena katika maandishi ya watu walioijua lugha yao barabara. Lilijitokeza zaidi mahali palipozungumziwa makasri, wapanda farasi wa vita na wafalme wa kale wa Ulaya.

Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba waandishi hawakuwa na kosa. Wao walikuwa wameandika "medieval", neno linalohusu zama za kati. Maandishi yao yalipokuwa yakisafirishwa kwa barua pepe, mashine iliziona ndani ya neno hilo herufi nne, e, v, a na l. Ikazing'oa na kupachika "review" mahali pake. Mwandishi hakuarifiwa, na mpokeaji hakuonywa. Kila mmoja alidhani kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa.

Kwa nini mashine izichukie herufi nne zisizo na hatia? Ili kulijibu swali hilo, inafaa kurudi nyuma hadi mwezi Mei mwaka 1995. Wakati huo Brendan Eich, mtaalamu wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, alibuni kwa muda wa siku kumi hivi lugha ya kuiamuru kompyuta kupitia kurasa za mtandao. Lugha hiyo iliitwa kwanza Mocha, baadaye LiveScript, na ilipofika Desemba mwaka huohuo ikapewa jina linalojulikana hadi leo, JavaScript. Kabla yake, ukurasa wa mtandao ulifanana na karatasi iliyobandikwa ukutani: ulisomeka, lakini haukujibu. JavaScript iliupa ukurasa uhai. Ukurasa ukaweza kupiga hesabu, kufungua na kufunga visanduku, na kuyabadilisha maandishi yake wenyewe mbele ya macho ya msomaji bila kupakuliwa upya.

Neema hiyo ilikuja na hatari yake. Barua pepe zilipoanza kuandikwa kwa mtindo wa kurasa za mtandao, zenye rangi na picha, mtu mwenye nia mbaya aliweza kuficha ndani ya barua amri za JavaScript. Msomaji akiifungua tu, amri hizo zingetekelezwa ndani ya kivinjari chake, na pengine akaunti yake ingetekwa. Miongoni mwa amri zenye nguvu ni ile iitwayo "eval", ambayo huichukua sentensi ya kawaida na kuiambia kompyuta iitekeleze kama amri.

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ya Yahoo, iliyokuwa na huduma ya barua pepe yenye wateja wengi sana. Mwaka 2001 kampuni hiyo iliweka chujio la kuwalinda wateja hao. Chujio lilipewa orodha fupi ya maneno ya hatari na maneno ya kuwekwa badala yake. "Javascript" likatiwa kistari katikati. "Eval" likawa "review". "Expression", ambalo lilitumika kupenyeza amri katika kivinjari cha Internet Explorer, likawa "statement". Na "mocha", lile jina la kwanza la lugha yenyewe, likageuzwa "espresso".

Nia ilikuwa njema na hatari ilikuwa ya kweli. Walakini, chujio halikuangalia iwapo herufi hizo zimo ndani ya amri au ndani ya maelezo ya kawaida ya binadamu. Wala halikuangalia neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa hiyo mtu aliyemwandikia rafiki yake barua ya aina hiyo kuhusu kahawa ya mocha, iliyopata jina lake kutokana na bandari ya Mokha nchini Yemen, alionekana kumsifia espresso. Na aliyeutetea kwa Kiingereza uhuru wa kujieleza, "freedom of expression", alisomeka akitetea "freedom of statement", yaani uhuru wa kutoa tamko. Yahoo ilikiri mwaka 2002 kwamba chujio lake ndilo lililokuwa likifanya hivyo.

Wapenzi wasikilizaji, kiini cha mkasa huo ni jambo moja. Binadamu husoma maneno, ilhali mashine hulinganisha herufi. Kwa binadamu, "medieval" ni zama, ni picha, ni historia. Kwa mashine ni foleni ya herufi nane, na herufi nne za mwisho zinafanana na zile zilizoandikwa katika orodha.

Katika JavaScript, kazi hii hufanywa kwa amri iitwayo "replace", yaani badilisha. Mwandishi wa programu huipa amri hiyo vitu viwili: kinachotafutwa na kitakachowekwa. Anayejifunza hukutana na mshangao wa kwanza papo hapo. Akitaja neno la kutafutwa kama lilivyo, amri hiyo hubadilisha tukio la kwanza tu na kuyaacha mengine yote. Ili yote yabadilike, inabidi aandike kanuni maalumu ya utafutaji na kuitia alama ya "g", au atumie amri ya "replaceAll" iliyoongezwa rasmi katika lugha hiyo mwaka 2021. Wengi hufurahi wanapoigundua njia ya kubadilisha yote kwa mkupuo mmoja. Kumbe hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Hebu tuchukue mfano kutoka katika Kiswahili. Mhariri wa tovuti ameamua kwamba kuanzia leo idadi zote ziandikwe kwa tarakimu. Anaiagiza kompyuta: kila penye "moja" weka 1, penye "tano" weka 5, penye "saba" weka 7, penye "mia" weka 100. Kisha anakwenda kunywa chai. Katika ukurasa wake palikuwa na sentensi isemayo: "Mkutano ulichelewa kwa sababu wanachama walitumia muda mrefu kula pamoja." Arudipo anaikuta hivi: "Mku5 ulichelewa kwa 7bu wanachama walitu100 muda mrefu kula pa1." Akiongeza "sita", "nane" na "kumi" katika orodha yake, basi "sitaki" litakuwa "6ki", "ananena" litakuwa "a8na", na "kumiliki" litakuwa "10liki". Kompyuta haikukosea hata mara moja. Ilitii neno kwa neno, au tuseme herufi kwa herufi.

Wataalamu wana dawa ya ugonjwa huu. Katika kanuni ya utafutaji huongezwa alama ya mpaka wa neno, inayoiambia kompyuta: lichukue neno hili likiwa limesimama peke yake tu. Kwa Kiingereza dawa hiyo husaidia sana, kwa kuwa maneno mengi ya lugha hiyo husimama peke yake. Kiswahili hakiko hivyo. Kitenzi chetu huvaa viambishi mbele na nyuma, na nomino hubadilika mwanzoni. Anayelitafuta neno "mtoto" kwa mpaka wa neno hatawapata "watoto". Anayelitafuta neno "soma" hataliona katika "ninasoma", "walisomesha" wala "hatukusoma". Akiulegeza mpaka, anayazoa maneno yasiyohusika. Akiukaza, anayaacha yanayohusika.

Isitoshe, mpaka wenyewe ulichorwa na watu ambao hawakuifikiria alama ya ritifaa katika "ng'". Kwa mujibu wa JavaScript, herufi za neno ni a hadi z, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu na alama ya mstari wa chini. Ritifaa haimo. Kwa hiyo mbele ya kompyuta, "ng'oa" si neno moja bali ni mawili: "ng" na "oa". Mhariri akiamua kwamba kila penye neno "oa" pawekwe "funga ndoa", na akauweka mpaka wa neno kwa uangalifu wote, bado mkulima aliyeshauriwa "Ng'oa magugu kabla ya mvua" atasoma "Ng'funga ndoa magugu kabla ya mvua". Tena ritifaa huandikwa kwa namna mbili katika kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni alama moja. Kwa mashine ni alama mbili tofauti, na anayeitafuta "ng'ombe" kwa alama moja hataipata iliyoandikwa kwa nyingine.

Kuna pia suala la upatanisho wa kisarufi. Tuseme mhariri hapendi neno "gari", anataka "motokaa". Sentensi isemayo "Gari lake jipya limeharibika" itageuka "Motokaa lake jipya limeharibika", kwa sababu neno limehama ngeli lakini wenzake wamebaki walipokuwa. Ilipasa iwe "Motokaa yake mpya imeharibika". Neno moja limebadilishwa, nalo lilihitaji mengine matatu yalifuate. Na ikiwa mpaka wa neno haukuwekwa, basi "magari" yatakuwa "mamotokaa", na nchi za Bulgaria na Hungaria zitajikuta zikiitwa "Bulmotokaaa" na "Hunmotokaaa".

Ukurasa wa mtandao nao una tabia yake. Umejengwa kama mti: shina, matawi, na maandishi yakining'inia mwishoni kama majani. Ndani ya matawi mna mambo ambayo msomaji hayaoni, kama vile anwani za viungo na majina ya picha. Anayeharakisha huuchukua mti mzima kuwa ni kamba moja ndefu ya herufi, akabadilisha, kisha akaurudisha. Ikiwa palikuwa na kiungo cha kuelekea ukurasa uitwao "picha-za-gari", sasa kitaelekea "picha-za-motokaa", ukurasa usiokuwepo. Vitufe vilivyokuwa vikiitikia kubonyezwa huenda vikanyamaza. Njia iliyo salama ni kupita tawi kwa tawi, kuyafikia majani peke yake, na kuyagusa hayo tu. Inachukua mistari michache zaidi ya programu, na huokoa saa nyingi za majuto.

Makosa yote yaliyotajwa hadi sasa yana heri moja ndani yake: yanaonekana. Hakuna msomaji atakayeiona "Mku5" asishtuke. Lakini tusemeje kuhusu kosa linalosomeka vizuri?

Mwezi Juni mwaka 2008, katika majaribio ya kuwachagua wanariadha wa Marekani watakaokwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Beijing, mwanariadha Tyson Gay alikuwa nyota wa mbio za mita 100. Tovuti ya habari ya OneNewsNow, iliyomilikiwa na jumuiya moja ya Kikristo nchini humo, ilikuwa na utaratibu wa kompyuta wa kuliondoa neno "gay" katika habari zilizotoka katika shirika la habari, na kuweka "homosexual". Yote mawili humtaja mtu anayevutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yake. Wasomaji wakajikuta wakisimuliwa ushindi wa mkimbiaji aitwaye Tyson Homosexual. Mashine haikujua kwamba jina la ukoo la mtu si maoni ya mwandishi. Hapo kosa lilichekesha, likarekebishwa.

Lakini chukua mfano ulio karibu nasi zaidi. Mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa utawala wa Mobutu Sese Seko, nchi iliyoitwa Zaire ilirudishiwa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tuseme mtu mwenye hazina ya maandishi ya zamani anaamua kuyapa usasa, na kuiagiza kompyuta: kila penye "Zaire" weka jina la sasa. Sarufi haitavunjika hata kidogo, na herufi hazitagongana. Lakini sentensi iliyosema kwamba Mobutu aliibadilisha nchi jina mwaka 1971 na kuiita Zaire, sasa itasema kwamba mwaka 1971 aliiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina lilelile alilokuwa akiliondoa. Na timu iliyofungwa mabao tisa kwa bila na Yugoslavia katika Kombe la Dunia la mwaka 1974, ambayo iliingia uwanjani ikiitwa Zaire, itakuwa imevalishwa jina ambalo siku ile haikulibeba.

Hapa msomaji hatashtuka. Mwanafunzi atanakili, mwalimu atapitisha, na baada ya miaka michache maandishi yaliyoharibiwa yatakuwa ushahidi wa maandishi mengine. Ndivyo "medireview" lilivyosambaa, ijapokuwa lilikuwa neno lisilo na maana. Linaloonekana kuwa na maana husambaa mbali zaidi, kwa sababu hakuna anayelisimamisha njiani. Na iwapo nakala ya awali haikuhifadhiwa, hakuna wa kuliuliza.

Upande wa tatu wa jambo hili unamhusu msomaji mwenyewe. Tangu katikati ya miaka ya 2000, ilipotokea programu iitwayo Greasemonkey kwa ajili ya kivinjari cha Firefox, imewezekana kwa mtu yeyote kuweka katika kompyuta yake maagizo ya JavaScript yanayozibadilisha kurasa za wengine zinapofika kwake. Tovuti yenyewe haiguswi. Kinachobadilika ni kile anachokiona yeye peke yake. Wengine huitumia fursa hiyo kwa manufaa, kama vile kukuza maandishi au kuondoa matangazo. Wengine huitumia kwa mzaha, kwa kuyabadilisha majina ya watu na mambo kuwa maneno ya kuchekesha.

Mzaha huo uliwahi kuingia katika magazeti. Mwaka 2016 jarida la Marekani la Wired lilichapisha katika tovuti yake habari ambamo jina la Donald Trump lilikuwa limegeuzwa maneno ya kejeli yenye maana ya "mtu mwenye viganja vidogo". Jarida likaeleza kwamba programu ya mzaha katika kivinjari ndiyo iliyoliharibu jina hilo wakati wa uhariri. Mwezi Machi mwaka 2018 yakalifika gazeti la The New York Times. Katika makala moja, maneno yaliyonukuliwa kutoka kwa mwandishi wa gazeti hilohilo, yaliyotaja mdororo mkuu wa uchumi, yalikuwa yamegeuzwa kuwa "wakati wa kupukutika na mawe baridi". Gazeti lilichapisha masahihisho na kukiri kwamba chanzo ni programu ya mzaha ya kubadilisha maneno katika kivinjari.

Tanbihi hizo mbili zilichekesha wengi, lakini zina funzo. Katika gazeti hilo la New York, kilichoharibika kilikuwa ni nukuu. Nukuu ni amana: mtu amesema, nawe umeahidi kuyafikisha maneno yake kama yalivyotoka kinywani mwake. Mhariri aliyeipitisha hakukusudia kuivunja amana hiyo. Aliyaamini macho yake, na macho yake yalikuwa yakiangalia kupitia dirisha lililopakwa rangi.

Basi afanye nini mwenye tovuti, ama mwanafunzi anayejifunza JavaScript leo? Kwanza, ahifadhi nakala ya awali kabla ya kugusa chochote, kwani mashine haina majuto wala haikumbuki kilichokuwapo. Pili, aiagize kompyuta impe orodha ya mahali pote ilipolipata neno, pamoja na maneno yanayolizunguka, kabla ya kuiruhusu kubadilisha hata moja. Tatu, ayaweke kando majina ya watu, majina ya mahali, anwani za viungo na maneno yaliyonukuliwa. Nne, kwa anayeandika Kiswahili, akumbuke viambishi, ritifaa na upatanisho wa ngeli, kwa kuwa waliounda zana hizi hawakuziunda wakiwa na lugha hii mbele yao. Na mwisho, baada ya mashine kumaliza, aketi mtu ausome ukurasa, mwanzo hadi mwisho, kama asomavyo barua ya mzazi wake.

Naye msomaji ana sehemu yake. Akikutana na neno lisilokaa sawa katika maandishi ya mtu anayemheshimu, asikimbilie kumwona mwandishi kuwa mjinga. Huenda mwandishi aliandika sawasawa, na kati yao wawili pamesimama mlinzi asiyejua kusoma. Amwandikie na kumuuliza. "Medireview" lilianza kupungua pale watu walipouliza limetoka wapi.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kompyuta inaweza kubadilisha maneno elfu moja kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kujua ni lipi kati ya hayo elfu moja lilipaswa kuachwa kama lilivyokuwa, hiyo bado ni kazi ya mtu aliyelisoma.